Mwenyekiti wa Daraja la Chesisi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimechaguliwa! Mimi, Lazarus Obiero, Mwenyekiti wa Daraja. Tulikuwa watu wanne pale mkutanoni, na mmoja alikuwa amekuja kujikinga jua tu, lakini kura ni kura.

Ilikuwa hivi. Injinia Nzembi wa mambo ya barabara alikuja hapa Kawangware kutuhutubia. Mama mfupi, helmeti nyeupe, buti za matope, sauti ya mwalimu wa hesabu. Akasema wana mpango wa miaka ishirini wa kutunza barabara na madaraja, hata haya madogo ya kupita kwa miguu. Miaka ishirini! Mpango wangu mrefu kabisa uliwahi kufika Ijumaa. Akasema daraja ni kama meno, ukingoja mpaka liume umechelewa. Kwamba kinacholiua si uzito wa watu, ni maji yanayokula udongo na takataka zinazokwama chini. Kwa hivyo kila daraja lipate mtu wake: atoe takataka, akaze nati, abadilishe ubao uliooza, apige simu akiona kitu cha kutisha. Nyanya yangu alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, akamaliza, akaenda kulala. Injinia alichukua asubuhi nzima.

Halafu akatoa koti la reflekta. Rangi ya machungwa, mistari inayong'aa. Koti moja tu. Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijajua ni la nini.

Daraja letu ni chesisi mbili, zile fremu za chuma za malori makuukuu, zimelazwa juu ya mto, mbao zikapigiliwa juu. Upande huu ni ploti ya vyumba vya kupanga ninapokaa. Ng'ambo ni kibanda cha Nereah cha samaki wa kukaanga, na huko ndiko roho yangu inakaa.

Nereah nilimwambia Krismasi kwamba nataka tuoane. Hakucheka. Hakukataa pia. Alisema amechoka na wanaume wa kuanzisha vitu. Akanitajia vyangu kimoja kimoja: kuku niliowaanzisha, duka la kinyozi nililoanzisha, hata kwaya. Akasema nimwonyeshe kitu kimoja tu, hata kiwe kidogo namna gani, nikitunze mpaka mvua ndefu zipite. Ndipo tutaongea. Mvua zinakuja mwisho wa mwezi, na sasa nina daraja! Naandika nikiwa nimevaa koti. Nitalala nalo.

Jumatano, 5 Machi

Nimesimama katikati ya daraja tangu asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Moshi wa jiko la Nereah ulikuwa unakuja polepole, na harufu yake ya vitunguu. Chini yangu yalipita mapovu ya sabuni ya watu wa huko juu wanaofua nguo, jua likayagusa, yakawa rangi zote. Nikaona daraja jipya. Haki ya Mungu nililiona. Konkriti nyeupe, vyuma vya kushikilia, taa kila upande, na kibao chenye jina langu. Nereah amesimama katikati na gauni refu. Mgeni akipotea anaambiwa, shika hiyo njia mpaka kwa Lazarus, halafu uulize tena.

Niliamshwa na honi. Boda boda! Kwenye daraja la miguu! Nikanyoosha mkono kama polisi wa trafiki. Akasimama. Akaomba msamaha, akageuza. Jameni, koti hili lina nguvu.

Kazi yenyewe sijaanza. Nilichungulia chini mara moja. Kuna godoro, nepi, kiatu kimoja, na kitu ambacho sitaki kukijua. Mwenyekiti haingii mtoni. Lazima kuna njia ya heshima.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipata! Injinia alisema takataka zisikwame chini ya daraja letu. Hakusema ziende wapi. Nilichukua mti mrefu, nikasukuma. Zikaondoka zenyewe, taratibu, godoro mbele kama mheshimiwa na msafara wake. Nilipunga mkono. Zilipiga kona zikaenda kukwama kwa Muchiri.

Muchiri ni landilodi wangu. Ana ploti huku na ploti ng'ambo, na huko chini ana daraja lake mwenyewe la mbao, ameweka mpaka kibao cha kuonya mbwa wakali, na hana mbwa. Pia anakula kwa Nereah kila siku. Mzee huyu tangu nimjue alikuwa anasema samaki ni nyoka aliyejifunza kuogelea. Leo anafyonza mpaka kichwa! Mkewe alifariki kitambo. Mimi si mjinga. Naona anavyoagiza ugali wa pili.

Jioni akaja mlangoni kwangu, suruali imekunjwa mpaka magotini, matope tupu. Akauliza kama najua lile godoro limetoka wapi. Nikamjibu mambo ya mto ni mambo ya Mungu. Akaniangalia weee. Halafu akaniambia kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi, kwamba upande wa Nereah maji yameanza kula udongo chini ya chesisi, nishuke nitazame.

Wivu huo! Sishuki ng'o.

Alhamisi, 13 Machi

Injinia anakuja kesho kukagua. Sijakaa kitako tangu asubuhi.

Kwetu mgeni akitarajiwa, unatandika kitambaa cheupe juu ya kochi lililochanika. Unatundika kalenda pale ukuta ulipopasuka. Kiti kibovu unakalia wewe mwenyewe. Ndivyo mama alivyonilea, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka kwetu akisema tuna shida. Basi nikalivalisha daraja. Wekulo, fundi wa kuchomelea mageti, alinipa rangi ya kijani iliyobaki kwa geti la kanisa. Nikapaka kutu yote. Pale mbao zimeoza nikatandika kapeti. Maua ya plastiki nikafunga kwa nyaya kila upande. Nilirudi nyuma kidogo nikalitazama. Machozi yalinitoka kidogo. Lilikuwa kama bibi harusi.

Wekulo akasema kutu iliyopakwa rangi ni kutu iliyovaa suti. Nikamwambia arudi kwa mageti yake.

Nereah alivuka na karai la samaki kichwani. Akaruka kapeti, hakulikanyaga. Akaniuliza kama nimeangalia chini. Nikamwambia chini hakuna mtu anayeona. Akasema yawa, jameni, Lazarus, akaenda zake.

Ijumaa, 14 Machi

Balaa! Balaa kubwa!

Asubuhi nilikimbia mtaa wa Satellite kunyolewa, ili injinia akute mwenyekiti kamili. Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kushoto stima ikapotea. Akasema itarudi sasa hivi. Nikangoja. Nikasinzia kwenye kiti, nikaota nakata utepe. Iliporudi jua lilikuwa limeshapita juu ya kichwa changu, ambacho bado kilikuwa kimenyolewa nusu.

Nilipofika darajani, injinia alikuwa ameshaenda. Kapeti langu limekunjwa vizuri kando, maua juu yake. Na kwenye ubavu wa chesisi, juu ya kijani changu kibichi, kuna X. Nyekundu. Kubwa.

Nilikaa chini hapo hapo. Mtu ambaye hajakaa Mashimoni hawezi kuelewa. Mimi nimekaa. Pale Kibera unaamka asubuhi unakuta X mlangoni. Hakuna anayekueleza. Unauliza jirani, na yeye ana yake. Kabla hujamaliza kuuliza, tingatinga liko kwenye kona, na unajikuta barabarani na sufuria yenye uji moto, hujui umeitoa saa ngapi. X ni X. Haina lugha nyingine.

Wanataka kubomoa daraja langu! Na mvua bado. Na Nereah yuko ng'ambo, anangoja aone kama naweza kutunza kitu kimoja. Nimelia, sioni haya kuandika. Nambari ya injinia ninayo. Lakini kumpigia si ni kumkumbusha?

Jumapili, 16 Machi

Leo watu wote wakiwa kanisani nilivaa koti langu nikaenda kazini. Mafuta ya taa, tambara, na nguvu za Mungu. X ikatoka. Kijani pia kikatoka. Kutu ikarudi kutuangalia.

Lakini nikawaza. Tingatinga likija lisikute X, litaulizauliza, na watu wa hapa wana midomo. Afadhali likute X mahali. Kwa Wekulo kulikuwa na kopo la rangi nyekundu kando ya mlango, na Wekulo alikuwa kwenye kwaya. Nikashuka nalo mpaka kwa daraja la Muchiri.

Mchana kweupe! Kina mama wawili walipita na Biblia zao wakanitakia kazi njema. Mmoja akauliza kama tutafika na kwao. Nikasema mpango ni wa miaka ishirini, avumilie. X yangu ilikuwa nzuri kuliko ya injinia, nilivuta mikia yake kidogo ikapendeza.

Nikakaa ukingoni. Nyimbo za kanisani zilikuwa zinakuja juu ya maji, zikipotea, zikirudi. Mwili ulikuwa mwepesi. Nikamwona Muchiri mawazoni, upande wa pili wa mto, mpweke, ananiomba kwa heshima apite kwa daraja langu. Nikamkubalia. Mimi si mtu mbaya.

Jumatano, 19 Machi

Lori limefika! Vijana wa mjengo wameshuka na mitaimbo, wakatafuta, wakaona X, wakaenda moja kwa moja kwa Muchiri. Nilibeba kiti changu nikaenda kukaa mstari wa mbele.

Waling'oa ubao wa kwanza, nikapiga makofi. Wakang'oa wa pili. Kibao cha mbwa wakali kikaanguka majini! Muchiri alisimama mikono nyuma, anatazama. Huruma ilinishika kidogo, ikaniachilia.

Nilimtumia Nereah ujumbe aje aone. Alikuja na karai, akawauzia wale vijana samaki zikaisha zote. Akaniuliza inakuwaje nafurahi daraja la mtu likivunjwa. Nikasema nafurahia maendeleo. Akasema hivi, Lazarus, wewe ni mtu wa aina gani? Nilidhani ananisifu, nikatabasamu.

Ijumaa, 21 Machi

Kuna kitu sielewi. Wale vijana hawajaenda. Badala yake wanashusha vyuma. Vyuma vipya! Kokoto. Mifuko ya simiti. Kila upande wa mto wanajenga ukuta wa mawe.

Nikamwendea mnyapara wao nikamuuliza hivi vyote wanakuja kuvibomoa lini. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema yeye aliambiwa kuna daraja la miguu hapa mtoni lenye X nyekundu, atoe kibovu, aweke kipya, na ajenge kingo kabla mvua haijafika. Basi.

Nilirudisha kiti nyumbani. Nikakimbia na kopo la Wekulo kurudisha X kwa chesisi yangu. Nikachora mbili. Tatu. Moja kwa kila upande na moja juu ya kapeti, nililolitandika tena. Nikamvuta mnyapara kwa mkono aje aone. Alizitazama zote kwa makini, akasema omera, ndugu yangu, zimependeza, lakini simiti ni ya daraja moja, na imeshamwagwa.

Sijala leo. Hata uji.

Jumanne, 25 Machi

Injinia Nzembi amerudi. Alisimama kwa daraja la Muchiri muda mrefu. Akaja kwa langu akasimama muda mrefu zaidi. Watu wakajaa. Muchiri, Wekulo, Nereah na mwiko wake. Injinia akauliza ni nani alihamisha alama yake.

Nikaona wote wanaangalia koti langu. Nikaangalia na mimi. Mistari inayong'aa ilikuwa imejaa madoa mekundu. Wekulo akasema kumbe ni wewe uliiba rangi yangu.

Injinia hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alieleza polepole, kama kwa darasa, kwamba alama yake ni ya kutengeneza. Anaiweka pale palipo dhaifu ili fundi akifika asipoteze muda. Kwamba alichagua daraja letu kwa sababu watu wengi hulitegemea, na kwamba kapeti langu lilimsaidia sana kujua pa kuanzia kutazama. Nikamwambia hakuna mtu aliyenieleza. Akajibu kwamba nambari yake ninayo. Sasa langu lingoje mwaka ujao wa fedha. Akalifunga kwa kamba mwenyewe, mtu asipite.

Nereah aliniangalia kama sufuria aliyoisahau motoni. Muchiri akanigusa bega akasema pole. Pole! Muchiri!

Ijumaa, 28 Machi

Mvua.

Ilianza alfajiri, na kufikia adhuhuri mto haukuwa ule ninaoujua. Nilisimama chini ya mabati na koti langu. Hakukuwa na mtu darajani, namshukuru injinia na kamba yake. Upande wa Nereah, pale pale Muchiri aliposema nishuke nitazame, udongo uliachilia. Haukufanya kelele. Chesisi moja iliinama, ikageuka polepole kama mtu anayegeuka usingizini, ikaondoka na mbao zake. Ya pili ikafuata. Maua yangu ya plastiki yalikuwa ya mwisho kupotea.

Nereah alikuwa ng'ambo, mlangoni mwa kibanda, maji yanadondoka kutoka mabati yake mpaka kwenye jiko. Tuliangaliana. Nilitaka kumwita nimwambie nampenda, lakini mto ulikuwa na sauti kuliko mimi. Akainama, akajitwika karai, akazunguka mpaka kwa daraja la Muchiri. Vyuma vipya, mawe, hata taa. Akavuka bila kuteleza. Muchiri alikuwa upande huu na mwavuli.

Inaniuma. Naandika na inaniuma hapa kifuani. Kushuka tu mara moja. Kutazama tu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeamka na mwanga! Usiku nimewaza, nimeona kosa langu, na si uvivu hata kidogo, kama Nereah anavyowaambia watu. Kosa ni kwamba nilikuwa nimebaki nyuma. Nilikuwa bado naishi na X ya Mashimoni. Kumbe mambo yalibadilika! Injinia mwenyewe amesema mbele ya watu: alama ni ya kutengeneza. Unachora, wanakuja, wanaondoa kibovu, wanaweka kipya. Daraja la Muchiri liko pale, nani atabisha? Na X yake niliichora mimi!

Sasa kibanda cha Nereah kinavuja. Mwanamke mzuri vile, anakaanga samaki kwenye dimbwi. Asubuhi alipoenda Gikomba kuchukua samaki, nilivaa koti, nikazungukia daraja la Muchiri, nikakichorea kibanda chake X mbili kwa rangi iliyobaki, mbele na nyuma, za kumeta. Kisha nikarudi kwetu nikasema mapenzi yasiwe ya ubinafsi. Nikachora ploti yote. Mlango kwa mlango, mpaka choo. Hakuna hata mtu mmoja aliyenizuia. Koti!

Na watu wa hapa wana imani, niseme ukweli. Sikuhitaji kumweleza yeyote. Mama Ryan, jirani wa kulia, ameshatoa kitanda nje. Jirani yangu wa kushoto amepanda juu anang'oa mabati yake kwa mikono, ili mafundi wakifika wakute kazi imepungua. Sufuria za ploti nzima ziko barabarani. Muchiri anazunguka uani, simu sikioni, mkono kichwani, anauliza watu wa kila ofisi wanakuja lini. Sijawahi kumwona na hamu namna hii. Hata yeye nimemsamehe.

Nimekaa kwenye ngazi na chai yangu. Mvua imetulia. Nikifumba macho kidogo naliona ghorofa, jeupe, na kwenye roshani ya juu kabisa nguo za mtoto zimeanikwa, sijui za nani.

Nereah ndiye yule. Amevuka daraja mbio, mwiko juu, samaki ameziacha motoni, na anaita jina langu lote, Lazarus Obiero, mpaka watu wanampisha njia. Nafikiri amekubali.